Nilipima Maziwa Yakiwa Moto

Kambi ya mgodi, karibu na Omate, Walikale

Kwa Dada yangu Konsolata, nyumbani kwa Papa, Masisi

Dada yangu,

Nakusalimu kama mtu aliyesimama nje ya ua, ambaye hajui kama mbwa watafungwa ili apite. Habari za magoti yako? Baridi ya mlimani bado inayauma? Papa anakohoa asubuhi tu, au sasa na jioni? Na ng'ombe yule wa paji jeupe, alizaa jike au dume? Mimi mwili wangu ni mzima. Nakula, nalala, naitikia jina langu wakati wa kuitwa kazini. Habari yangu nyingine njo hii inayofuata.

Najua hukusomeshwa, na barua hii itapita mdomoni mwa katekista wetu. Katekista, nakuomba kitu kimoja kabla hujaendelea. Kama umeanza kusoma ndani ya nyumba, simama. Toka nje, ungoje Jumapili baada ya sala, watu wakiwa uani, mahali pale uliposoma barua yangu ya kwanza. Usiruke neno. Maneno ya kunitia aibu, hayo hasa usiyaruke.

Ninyi mnaosikia, katika barua ile niliandika kwamba Dada Konsolata alichanganya unga wa muhogo katika maziwa ya mtoto wangu Roza, na maziwa safi akajifichia. Niliandika kwamba nimeona kwa macho yangu, kwa dawa ya dispanseri isiyodanganya. Niliandika pia kwamba mwanamke mjane ambaye hakuzaa hana huruma na mtoto wa mwenzake. Si kweli hata moja. Dada hakutia unga, hakuiba, na huruma yake ilizidi yangu. Niliyekosa ni mimi, na sasa nitaeleza namna nilivyokosa, ili asiwepo mtu wa kusema kwamba namsamehe tu kwa sababu ni ndugu yangu. Sina cha kumsamehe.

Mtu wa Shasha anayeleta samaki wakavu huku kambini alipita kwetu alipotoka ziwani. Nilimkuta anafungua mzigo wake, nikamuuliza, "Papa, dada yangu iko aje?"

Hakuniangalia. Akasema, "Iko. Analima, anachota maji. Lakini vibuyu vya maziwa hapana kugusa tena. Kisabo cha kusukia maziwa, mama yenu mwenyewe alimunyanganya."

"Kwa nini?"

"Weye njo unaniuliza kwa nini? Barua iliandikwa na nani?"

Watu waliokuwa wananunua samaki walicheka kidogo, wakadhani ni mzaha. Mimi niliondoka bila samaki.

Dada, nakumbuka tulipokuwa wadogo uliniwekea povu la maziwa kwenye kifuniko cha kibuyu, nalamba, unanifuta pua kwa kidole gumba. Tangu ujane wako ulirudi kwenye vibuyu vile. Ulivisafisha, ukavifukiza moshi, ukavipanga kwa ukubwa. Hukuwa na shamba lako wala mtoto wako, ulikuwa na vibuyu. Na mimi nikakunyang'anya kwa karatasi moja.

Sasa nisimulie kwa utaratibu.

Mnajua kwamba mke wangu Verediana alifariki siku ya tatu baada ya kumzaa Roza. Nilituma habari, na Dada akaja kwa miguu kutoka Masisi hadi huku, miguu imevimba. Alipofika hakuomba hata maji. Alinyoosha mikono akasema, "Lete mutoto." Nami nilikuwa nimemshika tangu asubuhi, vidole vimekufa ganzi, kwa sababu niliogopa kumlaza.

Huku msituni hakuna ng'ombe. Dispanseri ya kambi inawapa yatima maziwa ya unga, yale ya kizungu. Yanakuja katika pipa kubwa la bati, karani wa magazini, yaani stoo ya kambi, anayapakua katika makopo madogo, kila mtoto kopo lake. Tulipewa kopo la Roza. Dada alikoroga mara ya kwanza, akanusa, akaonja, akaweka kikombe chini.

"Gaspari, hii haiko maziwa."

"Njo maziwa ya bazungu, Dada. Iko vile."

"Maziwa ikipoa inavaa utando. Hii inavaa nini? Angalia, inashika kijiko sawa uji. Na haina harufu ya ngombe hata kidogo."

"Ngombe ya Ulaya inakula majani ingine."

Nilicheka niliposema hivyo. Nilijiona nimesoma. Yeye amekaa na maziwa maisha yake yote, mimi nilikuwa nafagia dispanseri na kuchemsha sindano, lakini kwa kuwa nilivaa koti jeupe niliona nina haki ya kumfundisha maziwa.

Roza alikuwa akikonda. Miezi mitatu, halafu minne, mikono yake haikujaa. Alikuwa akinishika kidole na kukiachia haraka, kama mtu aliyechoka kubeba. Dada alikuwa akimpa kikombe kila alipolia, na bado alikonda.

Lazima nieleze dawa yenyewe. Zamani kidogo, Dada akiwa amekwisha kufika huku, watu wa kambi walilalamika kwamba unga wa posho unawaumiza tumbo, wakasema umechanganywa na chokaa. Dokta mzungu akatuita mezani. Alichukua iode, ile dawa ya rangi ya chai kali tunayopaka vidonda, akaizimua kwa maji. Akaweka mezani kipande cha muhogo, ndizi mbichi, chumvi na chokaa. Akatia tone moja juu ya kila kimoja. Juu ya chumvi na chokaa rangi ilibaki ileile ya chai. Juu ya muhogo na ndizi iligeuka hapohapo, ikawa buluu nzito, karibu nyeusi, kama wino wa shule. Alisema kwamba ndani ya vyakula hivyo kuna kitu kinachoitwa wanga, njo kinachofanya bugali ishikane, na iode ikikutana na wanga inageuka rangi hiyo. Pasipo wanga haigeuki. Akasema iode ni shahidi asiyehongwa. Maneno hayo nilirudi nayo nyumbani nimejaa kama mtungi, nikamweleza Dada, hata nikamwonyesha kwa kipande cha ndizi. Alipiga makofi akacheka.

Kwa hiyo siku ile ni yeye aliyesema. Sikilizeni vizuri, ni yeye. Alisema, "Gaspari, weye uko na ile dawa ya kujua unga. Basi pima hii maziwa ya mutoto, tumalize maneno."

Nikaleta iode katika chupa ndogo ya sindano. Maji yalikuwa yanatokota mafigani, kwa sababu dispanseri inatuamuru kuchemsha maji ya watoto. Nikachota unga wa maziwa katika kopo kwa mkono wangu, nikamimina maji ya moto, nikakoroga, na mvuke bado ukipanda nikatia matone. Rangi ikabaki ya chai, imefifia tu kwa weupe. Nikasema, "Unaona? Kopo ni safi."

Dada akainama kutazama. Halafu akanyoosha mkono akachukua kikombe cha alfajiri, kilichobaki na maziwa kidogo, yamepoa. Akanipa mwenyewe. "Pima na hii pia."

Nikatia tone. Ikawa buluu. Ikawa wino.

Ninyi mnaosikia, mtu mwenye hatia anatoa kikombe chake mwenyewe kwa anayempima? Nimejiuliza hivyo kila siku tangu wakati ule. Lakini saa ile sikuuliza. Nilifanya hesabu ya kipumbavu: kopo halina unga, kikombe kina unga, na kati ya kopo na kikombe kuna mkono mmoja tu.

Nikapekua kikapu chake. Chini, ndani ya kitambaa, nikakuta unga wa maziwa umefungwa katika jani la ndizi. Akasema, "Ni ya njia. Nilitaka kukuomba unipe Roza, nimupeleke nyumbani kwa ngombe zetu. Huku atakufa, Gaspari. Nilikuwa ninangoja siku utakuwa na roho nzuri."

Nikamwita mwizi. Sauti yangu ilisikika nyumba tano. Majirani wakatoka kutazama. Nikamwambia neno lile la kutokuzaa, ambalo nimekwisha kuliandika juu na sitalirudia. Alimlaza Roza juu ya mkeka, akamfuta mdomo kwa kidole gumba, akachukua kikapu kitupu akatoka. Nami nikaketi nikaandika barua kwa Papa, nikampa dereva wa kamio aliyekuwa anaondoka. Wewe ulitembea kwa miguu, Dada. Barua ilifika kabla yako. Uliingia uani kwa baba yako wakati kila mtu amekwisha kukuhukumu, na wewe hujui.

Roza aliishi siku kumi na moja. Siku zile nilikoroga maziwa mwenyewe. Nilisugua kikombe kwa mchanga, unga wa muhogo niliutoa nje ya nyumba kabisa. Na akazidi kukonda mikononi mwangu, safari hii bila mtu wa kumlaumu. Hapo ningepaswa kuelewa. Sikuelewa. Nilisema umemharibu tumbo mapema. Alifariki mchana, mimi nikiwa dispanseri nachemsha sindano za watu wengine, na jirani ndiye aliyemshika. Tulimzika kando ya mama yake. Kaburi lake ni fupi kuliko jembe nililolichimbia.

Baada ya mazishi nilipata wazo baya. Nilitaka kuona yale maziwa safi uliyoiba, niyaone kwa macho, nikuchukie vizuri. Nilichukua lile jani la ndizi, nililokuwa nimelihifadhi kama ushahidi. Mvua ilinyesha siku hiyo, kuni zote zimelowa, moto haukuwaka. Basi nikakoroga kwa maji baridi ya mtungi. Nikatia iode.

Buluu.

Nikadhani nimekosea kikombe. Nikachukua kingine, nikakisugua, nikarudia. Buluu. Mwizi anaiba maziwa yenye unga ndani yake, ili iweje? Kama ungekuwa umetenga maziwa safi, yangekuwa hapa. Hayakuwapo safi. Yalikuwa hivyo tangu kwenye kopo.

Asubuhi nilienda dispanseri nikaweka kikombe kile cha buluu juu ya moto wa sindano. Maziwa yalipopata moto, rangi ikaanza kuondoka. Ikafifia, ikaisha, yakawa kama yale niliyokuonyesha nikisema kopo ni safi. Nikayaondoa motoni nikayaacha mezani. Yalipopoa, buluu ikarudi polepole. Nilifanya hivyo mara tatu. Joto linaificha rangi, Dada. Shahidi yule anasema kweli, lakini aulizwe akiwa baridi. Labda Dokta alilisema hilo siku nilipokuwa nachota maji. Labda hakulisema. Mimi nilipima maziwa yakiwa moto, na kwa hilo nikakufukuza, na mtoto wangu akafa kwa njaa huku tumbo lake limejaa maji ya muhogo.

Nikaenda kwa Dokta na kikombe. Nilimwomba apime makopo yote. Alipima makopo matatu ya watoto wengine, yote buluu. Akafungua pipa jipya lililokuwa bado limefungwa, akapima kwa maji baridi: rangi ya chai. Kwa hiyo tulijua sote wawili mahali unga unapoingia. Kati ya pipa na kopo kuna karani wa magazini, na nyuma yake yuko mzungu wake wa stoo. Nilingoja Dokta aseme jambo. Akaniuliza nimetumia matone mangapi ya iode, na nani aliyeniruhusu kuipeleka nyumbani. Kisha akasema maziwa haya ni zawadi, na hakuna anayelalamikia zawadi.

Karani aliposikia alinipigia kelele mbele ya watu wa posho: "Ee, mutazame Dokta Gaspari! Kesho utapima na pombe yangu? Utapima na mate ya bibi yangu?" Watu wakacheka, kwa sababu yeye ndiye mwenye kijiko cha kupimia chumvi yao. Jumatatu iliyofuata nikavuliwa koti jeupe. Sasa nipo mtoni na wengine, tunaosha mchanga kutafuta mawe ya bati, maji yanafika magotini. Karani bado yuko. Makopo ya watoto sasa yanafungwa kwa karatasi nzuri. Ndani sijui, maana sina tena ruhusa ya kuingia. Nimewaambia akina mama wakoroge kwa maji baridi kwanza waangalie, lakini iode watapata wapi?

Kidogo ninacho. Mfanyakazi mzee wa dispanseri alinimiminia kwenye chupa ya sindano, akageuza kisogo ili asionekane. Nakutumia kwa mkono wa huyu mtu wa samaki, pamoja na unga uliobaki katika lile jani. Si dawa ya kunywa; msiiweke karibu na watoto. Mbele ya watu wote, Dada apime mwenyewe, asipimiwe. Katika kikombe cha kwanza atie maziwa ya ng'ombe wetu, yaliyopoa kabisa. Katika cha pili maziwa hayohayo na unga wa muhogo kidogo. Katika cha tatu akoroge huu unga wa jani kwa maji baridi. Tone moja moja, halafu lingine kama rangi inasita. Mtaona cha kwanza kikikataa na viwili vikigeuka. Halafu mkipashe moto kile cha tatu, mwone rangi ikikimbia, mwone kitu kilichonidanganya. Papa, nakuomba uinamie vikombe hivyo kwa karibu. Najua macho yako yamepungua.

Kama baada ya hayo kuna atakayesema bado, basi aseme kwangu.

Sikuombi unijibu, Dada. Wala siombi kurudi sasa, mkataba wangu haujaisha, na hata ungeisha sijui ningepita njia gani kuingia uani. Nilisema mbele ya majirani wa hapa kwamba umeiba. Nimepita nyumba zilezile tano nikasema kwamba nilidanganya. Mmoja alisema, "Sasa unasema, na mutoto yuko udongoni?"

Nisalimieni Papa, nami naomba radhi kwa kumwandikia yeye barua ile, nikaitumia sauti yake kuhukumu. Nisalimieni kaka yetu mkubwa anayechunga, na mama mkwe wangu, mama wa Verediana, aliyepoteza binti na mjukuu nyumbani kwangu; mwambieni makaburi nayapalilia. Katekista, asante kwa kusoma mpaka hapa.

Mama, neno la mwisho ni lako. Huyu mtu wa samaki aliniambia kwamba mke wa mdogo wetu yuko karibu kuzaa, na kwamba wanawake wamekwisha kupatana Dada asikaribie mlango. Nakusihi wewe uliyetuzaa. Mtoto huyo akitoka na kuoshwa, kabla ya kumpa baba yake, mwekeni mikononi mwa Konsolata, watu wote wakitazama. Na akikataa kumpokea, msimuulize sababu. Sababu ni mimi.

Mdogo wako niliyekukosea,

Gaspari